Gesi ya ufuatiliaji: moshi wa kupandia mawingu unafika wapi?

Anayetaka kuongeza theluji milimani kwa kupanda mawingu huchoma iodidi ya fedha (kemikali ya madini ya fedha na iodini) kwenye majiko maalumu yaliyowekwa chini, upande unakotokea upepo, kisha hutegemea upepo huohuo uupandishe moshi hadi mawinguni. Humo mna matone ya maji yaliyopoa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi bila kuganda. Chembe za iodidi ya fedha, ambazo uwezo wake uligunduliwa na mwanasayansi Bernard Vonnegut mwaka 1946, huyafanya yagande na kuanzisha theluji, lakini huanza kazi baridi inapofika nyuzi 5 hivi chini ya sifuri. Moshi usipofika kwenye baridi hiyo, au ukipita kando ya wingu, kazi yote imekwenda bure. Na ukishatawanyika, jicho haliwezi tena kuufuata.

Hapo ndipo gesi ya ufuatiliaji inapohitajika. Ni gesi inayoachiwa makusudi, kwa kiasi kinachojulikana, ili ipimwe huko mbele na kuonyesha hewa iliyotoka mahali fulani imeelekea wapi na imechanganyika kiasi gani. Inayotumika sana ni salfa heksafloridi, yaani SF6. Haina rangi wala harufu, haibadiliki njiani, haisombwi na theluji, na ni haba mno katika hewa ya kawaida. Vifaa vyake vya kupimia huinasa hata ikiwa sehemu chache tu katika trilioni.

Mfano mzuri ni majaribio ya Wasatch Plateau, jimbo la Utah, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watafiti waliachia SF6 pamoja na moshi wa iodidi ya fedha. Juu ya mlima, gari lenye kipimo lilipita barabarani huku na huku, na ndege ikapita juu zaidi. Gari likiingia kwenye mkondo wa gesi namba hupanda ghafla, likitoka zinashuka, na hivyo upana wa mkondo unajulikana. Gari lilikuwa la lazima, kwa sababu rubani hawezi kushuka chini sana kati ya vilele vilivyofunikwa na mawingu.

Majibu hayakuwa ya kufurahisha wenye majiko. Wakati wa baridi, hewa nzito ya bondeni mara nyingi hutulia chini ya hewa yenye joto zaidi, na moshi hubaki humohumo. Majiko yaliyowekwa juu zaidi, kwenye makorongo, yalifikisha moshi vizuri zaidi. Hata hivyo, moshi uliofika uliambaa karibu na mlima, mahali ambapo mara nyingi baridi haikutosha. Kwangu mimi hili ndilo funzo kubwa la utafiti ule: kabla ya kubishana kama theluji imeongezeka, thibitisha kwanza kwamba dawa imefika.

Gesi hufanya kazi nyingine ambayo watu huisahau. Ukijua imezimuliwa mara ngapi tangu ilipoachiwa, unaweza kukadiria ni chembe ngapi za iodidi zinazopaswa kuwemo katika kila lita ya hewa hapo ulipo. Kisha unazihesabu zilizopo kweli. Zikipungua sana, kuna kilichozipunguza njiani.

SF6 ina gharama yake pia. Kilo moja huongeza joto la dunia zaidi ya kilo 20,000 za kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100, kwa hiyo haifai kuachiwa ovyo.

Tena gesi haikuambii kama theluji imetengenezwa na moshi. Kwa swali hilo, watafiti wa milima ya Sierra Nevada huko Marekani, na baadaye wa Snowy Mountains huko Australia, walitumia chembe za oksidi ya indiamu, ambayo ni metali adimu, badala ya gesi. Hizi haziwezi kugandisha matone, ila husombwa tu na theluji inayoanguka. Huachiwa sambamba na iodidi ya fedha kwa uwiano unaojulikana, kisha theluji mbichi hukusanywa kwa uangalifu mkubwa, isichafuliwe hata kidogo, na kupimwa maabara. Fedha na indiamu zikikutwa kwa uwiano uleule wa awali, zote mbili zimesombwa tu. Fedha ikizidi uwiano huo, sehemu yake imeshuka ikiwa ndani ya theluji iliyoanzishwa na iodidi yenyewe.