Kampuni ni yangu, kwa nini nisijitetee mwenyewe?

Nchini Marekani wapo wenye kampuni wanaoamini kwamba kwa kuwa hisa zote ni zao, wanaweza kuandika na kuwasilisha nyaraka za mahakamani wenyewe, kama mtu anayejitetea bila wakili. Sivyo.

Sheria ya shirikisho inampa mtu haki ya kujiwakilisha. Lakini kampuni ni mtu wa kisheria, tofauti na mwenye nayo. Haina mkono wa kushika kalamu wala kinywa cha kusema, kwa hiyo yeyote anayeisemea anamsemea mwingine, na kumsemea mwingine mahakamani ni kazi ya wakili. Mwaka 1993, katika shauri la Rowland, Mahakama ya Juu ilikumbusha kuwa kanuni hiyo imeshika kwa sehemu kubwa ya karne mbili.

Na ndipo watu wanaponaswa. Mkurugenzi anajibu madai, anatia sahihi yake chini ya jina la kampuni, anaondoka ametulia. Mahakama inaweza kuyafuta majibu hayo, na kampuni isipoleta wakili katika muda iliopewa, hukumu ya upande mmoja inafuata. (Utengano uleule unaomkinga mwenye kampuni asidaiwe madeni ya kampuni, ambao huwa anaufurahia, ndio unaomfungia mlango hapa.)

Mahakama za madai madogo ni habari nyingine. California, kwa mfano, kampuni hutuma ofisa au mfanyakazi wake, na kwa kawaida mawakili hawaruhusiwi kuiwakilisha.