Je, wajua kompyuta ya studio inawezaje kuediti picha 600 za harusi huku fundi akinywa chai?

Harusi ya Moshi ikiisha Jumamosi usiku, kazi ya mpiga picha ndiyo kwanza inaanza. Kuna picha za kanisani, za bustanini, za ukumbini, za kamati, za ndafu ikiingizwa kwa vigelegele. Jumapili mchana shangazi wa bibi harusi ameshaanza kupiga simu akizitaka. Tuseme picha ni 600, na kila moja inahitaji sekunde 90 za kurekebisha mwanga, rangi na ukubwa, kisha kuhifadhiwa. Hizo ni saa 15 kwenye kiti bila kunyanyuka. Lakini ingia studio yoyote yenye kazi nyingi pale Double Road, utakuta picha zinajifungua na kujifunga zenyewe kwenye skrini, fundi ameegemea kaunta anapiga stori na mteja wa pasipoti. Inakuwaje?

Jibu fupi ni kwamba programu ilimrekodi akiitengeneza picha moja, na sasa inarudia alichofanya kwenye nyingine zote. Photoshop, programu ya kutengeneza picha iliyo kazi ya ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll, ilitoka mwaka 1990, na uwezo huu ukaingizwa mwaka 1996 katika toleo la 4. Mafundi wanauita akshoni. Kwenye Windows unafungua dirisha lake kwa Alt na F9, unabonyeza duara la kurekodi, unafanya kazi yako kama kawaida, ukimaliza unabonyeza mraba. Basi.

Wengi hudhani kompyuta inakariri mkono wa fundi: kipanya kimeenda kulia, kimebonyeza, kimeshuka. Sivyo. Inachoandika ni amri pamoja na namba zake, yaani ongeza mwanga kiasi hiki, punguza upana hadi pikseli (vitone vinavyounda picha) 3000, hifadhi kama JPEG kwa ubora huu. Safari zote za kipanya zinatupwa, na humo ndimo muda ulikuwa unaishia. Mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa kukifikia kitu hutegemea kiko mbali kiasi gani na ni kikubwa kiasi gani; kikiwa mbali na kidogo, mkono unachelewa. Sasa angalia menyu za programu ya picha: vitu vidogo, vilivyojificha ndani ya vingine, mbali na picha yenyewe. Mara moja husikii uzito wake. Mara 600 unausikia hadi kwenye kifundo cha mkono.

Kazi inayofaa kurekodiwa kuliko zote ni ile ya pasipoti. Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 inaingia picha nane za milimita 35 kwa 45, nne juu na nne chini, na nafasi ya mkasi inabaki. Vipimo havibadiliki, awe ni mwanafunzi wa chuo cha Ushirika anayejaza fomu au mzee anayefuatilia hati ya kiwanja. Fundi anakata uso mwenyewe kwa jicho, kisha anabonyeza F5, au kitufe chochote alichoipangia akshoni yake, na karatasi nzima inajipanga.

Harusi ni habari nyingine, na hapo ndipo mafundi wapya huanza kuilaumu kompyuta. Umerekodi ukiwa na picha ya kulala, yaani pana kuliko urefu wake, ukaweka upana uwe pikseli 3000. Ikija picha ya kusimama, kompyuta inatii: upana 3000, na urefu unapanda hadi 4500. Albamu inakuwa na picha kubwa na ndogo zimechanganyika. Dawa yake ni amri ya Fit Image, ndani ya File kisha Automate, ambayo unaipa sanduku la 3000 kwa 3000 na picha inajibana humo iwe imelala au imesimama.

Nembo ya studio nayo husumbua vilevile. Uliiweka kona ya chini kulia. Kwenye picha kubwa zaidi inatua karibu na kiuno cha bwana harusi, kwa sababu kilichorekodiwa ni umbali kwa pikseli, usiobadilika hata picha ikiwa kubwa. Kabla ya kurekodi, badilisha rula za Photoshop zisome kwa asilimia. Hapo kona inabaki kona, picha iwe na ukubwa wowote.

Kuna na ule ujumbe unaokatiza kazi usiku wa manane, kwamba tabaka fulani (layer, moja ya sehemu zinazopangwa juu ya nyingine ndani ya picha) halipatikani. Ulipokuwa unarekodi ulibofya tabaka kwa kipanya, na kompyuta ikaandika jina lake. Faili linalofuata halina tabaka lenye jina hilo, basi inasimama hapo hapo hadi mtu aje. Ukihama kutoka tabaka hadi tabaka kwa Alt na mabano ya mraba, inaandika tu "nenda la juu" au "nenda la chini", bila jina.

Mwanga ndio mgumu kuliko yote. Rangi uliyoirekebisha ikakaa vizuri kwa picha za kanisani, zenye jua la madirishani, haitafaa ukumbini ambako mpambaji amewasha taa za zambarau mpaka ndafu ionekane kama bilinganya. Kompyuta haioni taa. Kwa hiyo fundi mzoefu hutenga folda kwanza, ya kanisani, ya bustanini na ya ukumbini, kila moja na akshoni yake. Pia kando ya hatua nyingi za akshoni kuna kisanduku kidogo. Ukikiwasha, programu inafika hapo, inakufungulia dirisha la namba, unaweka zako, inaendelea.

Lightroom, programu nyingine ya picha iliyotoka mwaka 2007, ilikuja na njia nyingine. Haiigusi picha ya asili kabisa. Inaweka maelekezo pembeni, na ukitaka inayaandika kwenye faili dogo la XMP. Lifungue kwa Notepad utakuta ni maandishi matupu: joto la rangi 4800, mwangaza +0.35, na mengineyo. Ukirekebisha picha moja ya kanisani na kuzipa nyingine 200 marekebisho yaleyale, unanakili hizo namba tu. Asiye na hela ya leseni atapata jambo hilohilo kwenye darktable, ambayo ni ya bure.

Ngozi, kwa maoni yangu, isirekodiwe. Kuna akshoni zinazozunguka kwenye flashi za mafundi, zinazolainisha na kung'arisha uso wa kila mtu kwa kiasi kilekile. Bibi harusi, mama yake na mpishi wote wanatoka kama wamepakwa unga wa ngano. Uso utengenezwe mmoja mmoja, kwa picha zile chache zitakazokuzwa. Hizi nyingine mteja ataziangalia kwenye simu, na kasoro ya chunusi hataiona.

Kabla ya kuachia folda nzima kwa amri ya Batch, inayorudia akshoni kwenye kila picha iliyomo, jaribu kwa picha tano zenye sura tofauti: ya kulala, ya kusimama, ya kundi, ya karibu, na moja ya ukumbini. Halafu chagua folda mpya ya kupokea matokeo, usihifadhi juu ya zile za asili. Kila mara JPEG inapohifadhiwa upya inapoteza ubora kidogo, na ukikosea namba hutakuwa na pa kurudi. Umeme ukikatika katikati, unaangalia folda ile mpya imeishia picha namba ngapi, unaendelea na zilizobaki.