Kabla hujasema Mtwara imezama, itazame ionosfia

Ukilinganisha picha mbili za rada zilizopishana siku 12, unaweza kuona ardhi kuanzia Newala hadi Mikindani imelala sentimita 20 kuelekea baharini. Haijalala popote. Mawimbi ya rada yamepita kwenye ionosfia, tabaka la juu la angahewa lenye elektroni huru, na elektroni hizo hazikuwa sawa siku zote mbili.

Huku kusini hatuna pa kulikwepea jambo hili, na mikorosho ina mkono wake. Setilaiti ya rada ya Sentinel-1 hutumia wimbi la sentimita 5.6, linaloishia kwenye majani; upepo ukivuma tu, picha mbili hazioani tena. Bendi ya L, wimbi la sentimita 24 hivi, hupenya hadi matawi mazito na udongo, ndiyo maana naipendelea. Lakini wimbi refu ndilo lenye masafa ya chini, yaani mitetemo michache kwa sekunde, na athari ya ionosfia hupanda kwa kipeo cha pili kadiri masafa yanavyoshuka. Zikiongezeka elektroni milioni bilioni 10 kwa mita ya mraba, Sentinel-1 inakosea kama sentimita 1.4, bendi ya L sentimita 25! Tena ikweta ya sumaku inapita Ethiopia, na elektroni zinazoinuliwa kule mchana hushukia pande zake mbili. Sisi tuko upande wa kusini.

Dawa yake ni hii. Unyevu wa hewa huchelewesha masafa yote sawasawa, ionosfia hubagua. Basi tunaugawa mkanda wa masafa, kipande cha chini na cha juu, kila kimoja tunakitengenezea intaferogramu yake, yaani ramani ya tofauti kati ya picha mbili za rada, na tofauti yao ndiyo inayoiumbua ionosfia. Setilaiti ya NISAR, ya bendi ya L, iliyorushwa Julai 2025, ina hata kamkanda ka pembeni ka megahezi 5 kwa kazi hiyo.

Ugumu uko kwenye kelele. Vipande vikikaribiana, kelele huzidishwa makumi ya mara, na kosa la mzunguko mmoja wa fezi (hatua ya wimbi ndani ya mzunguko wake) kwenye mikoko ya mdomo wa Ruvuma linageuka mita kadhaa za uongo. Lainisha kwa kilomita kadhaa, na pikseli za hovyo zipe uzito mdogo.

Wapo wanaoukata mteremko huo wa uongo kwa bapa moja, uso mnyoofu ulioinama, na kuendelea na safari. Siafiki. Ionosfia ina mawimbi yake, na bapa hilo linaweza kufuta mwendo halisi wa ardhi, mathalani kwa anayefuatilia visima vya gesi vya Mnazi Bay, ambako hata milimita zina maana. Na ukiwa na uchaguzi, chukua picha za alfajiri. Jioni elektroni bado ni nyingi.