Tope la saiti: maana yake, na namna ya kulitolea taarifa

Mvua ikinyesha Nairobi, kila mtaro hupitisha maji machafu, na si kila uchafu una wa kulaumiwa. Tope la saiti lina mwenyewe. Ni udongo, mchanga na maji ya simenti vinavyosombwa na mvua kutoka kwenye kiwanja kilichofyekwa na kuchimbwa kwa ajili ya mjengo, vikaingia mtaroni hadi mtoni kwa kuwa hapakuwekwa kizuizi.

Ardhi yenye nyasi na miti hunywa maji na kuushika udongo kwa mizizi. Tingatinga likishapita, hakuna kinachoushika tena. Shirika la serikali ya Marekani la mazingira, EPA, limekadiria kwamba saiti hupoteza udongo mara 10 hadi 20 kuliko shamba, na mara 1,000 hadi 2,000 kuliko msitu. Ndiyo maana kiwanja kimoja tu kinaweza kuchafua kijito kizima.

Tope hilo likituama huziba mitaro, na mvua inayofuata huingia majumbani. Mtoni hufunika mayai ya samaki na kuziba matamvua yao. Maji ya kuoshea mashine za zege ni makali hata kwa ngozi ya binadamu. Tena safari ya tope ni ndefu: Mto Nairobi huingia Athi, Athi ndio huitwa Galana na kisha Sabaki, nao Sabaki humwaga baharini kaskazini mwa Malindi. Msimu wa mvua bahari ya huko hugeuka rangi ya udongo, jirani kabisa na matumbawe ya hifadhi. Udongo mwingi hutoka mashambani, lakini wa mjengo hufuata njia hiyohiyo.

Kumfunza mwananchi kulitambua tope hili ni kumfunza kulinganisha. Picha ya maji ya kahawia peke yake haithibitishi kitu, maana mkandarasi atasema yalikuja hivyo kutoka juu. Simama barabarani, usiingie kiwanjani kwa mtu, upige picha ya mtaro kabla ya maji kufika saiti, kisha nyingine baada ya kuipita. Ukiweza, chota chupa mbili za plastiki angavu, moja kila upande, uziweke pamoja. Maji ya kabla ya saiti yakiwa maangavu na ya baada yake mazito, hapo una ushahidi. Fanya hivyo mvua ikiendelea, kwa sababu saa chache baadaye mtaro huwa mkavu na hakuna atakayekuamini.

Angalia pia yaliyokosekana. Je, pembeni upande wa mteremko pana uzio wa kitambaa cha kuchuja tope, ambao chini yake umefukiwa ardhini? Uliowekwa juujuu maji hupita chini yake. Je, lundo la mchanga limefunikwa turubai au limeachwa ukingoni mwa barabara? Malori yakitoka, je, langoni pana kokoto za kupangusa magurudumu, au yanaburuta tope hadi kwenye lami?

Taarifa ipelekwe NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na kwa serikali ya kaunti: tarehe, saa, mahali hasa, picha, na jina la mradi na la mkandarasi kama yalivyo kwenye bango la saiti. Andika ulichoona, usiandike unachoshuku.

Watu wengi hunyamaza wakidhani mwenye haki ya kulalamika ni aliyefurikiwa peke yake. Sivyo. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Mkazi wa Malindi anaweza kulalamikia tope la Nairobi.

Ukishatuma, tunza nakala na nambari ya malalamiko, kisha rudi palepale mvua nyingine ikinyesha. Picha za siku hiyo, zilizopigwa kutoka sehemu zilezile, ndizo zitakazoonyesha kama uzio uliwekwa.