Sponji Ikibana Sana, Rangi Inaondoka

Wiki iliyopita nimeletewa sanduku jingine. Ndani yake mna askari 40 wa plastiki, wa milimita 28, waliopakwa kwa subira kubwa: macho yana mboni, majoho yana vivuli vya rangi tatu. Na wote wamechubuka sehemu zile zile: ncha ya upanga, pua, goti lililotangulia, ukingo wa joho. Mwenye mali ameshika kichwa. "Sielewi fundi, sponji ya sanduku inawabana vizuri kabisa, hawatikisiki hata kidogo."

Kauli hiyo nimeisikia kwa watu wengi mno, na nimechoka kuijibu mmoja mmoja. Kazi yangu ni kupaka na kukarabati vijisanamu vya michezo ya vita ya mezani, na nikihesabu vinavyonifikia vikiwa vimeharibika, vilivyoanguka ni vichache. Vingi vimeharibiwa na sanduku lililonunuliwa ili livilinde.

Kinachobandua rangi ni msuguano. Kishindo kina sehemu yake, lakini kwa plastiki ni sehemu ndogo. Askari wa plastiki ana uzito wa gramu chache tu. Hata akigonga ukuta wa sanduku, uzito wake mwenyewe hautoshi kumuumiza sana. Sasa itazame sponji kwa lenzi. Ile ya kijivu inayouzwa kwenye mabegi mengi ni poliurethani yenye vinyweleo vilivyo wazi, na mahali ilipokatwa kila kinyweleo kimeacha ukingo. Ni ndugu wa damu wa sponji ya kuoshea vyombo. Ukimsukumiza askari kwenye tundu dogo kuliko yeye, unamsugua. Ukimtoa, unamsugua tena. Na njiani, kila gari linaporuka tuta, sponji inayombana inacheza naye kwa sehemu ya milimita, mara maelfu, daima kwenye ncha zile zile zinazojitokeza. Ndiyo maana wale 40 wamechubuka sawasawa kana kwamba kuna mtu aliyekaa na msasa akawapitia kwa zamu.

Kipimo changu kinawashtua watu. Mpange askari kwenye tundu lake, kisha upindue trei, yaani tabaka zima la sponji lenye matundu, juu ya kitanda. Akidondoka mwenyewe kwa uzito wake, tundu ni zuri. Akining'inia, panua. Tundu liwe na nafasi kumzunguka, naye alale chali, akiegemea kitako (kile kibao anachosimamia) na mgongo, siyo upanga. Tazama na kina: kama sehemu yoyote imechomoza juu ya ukingo wa trei, trei ya juu itaikandamiza, na hapo bendera zote na mikuki yote imekwisha. Ukiwa na sponji ya kuchomoa vipande kwa vidole, usiache kingo zilizochanika; zinatoa makombo yanayonasa kwenye vanishi. Na kama unalazimika kutumia sponji inayobana kwa sababu ndiyo uliyo nayo, mfunge askari kwanza kwa kipande cha mfuko laini wa plastiki, ule mwembamba wa polithini. Utelezi wa mfuko unachukua msuguano badala ya rangi. Si jambo la kupendeza macho, lakini linafanya kazi.

Watu hunijibu: nimepaka vanishi, kwa hiyo niko salama. Vanishi ipi? Vanishi isiyong'aa imetiwa unga laini unaotawanya mwanga, na unga huo huo unaifanya iwe dhaifu kuliko inayong'aa. Mimi hupaka inayong'aa kwanza, naiacha ikauke kabisa, kisha naifunika kwa isiyong'aa. Inasaidia. Lakini nitasema wazi jambo ambalo miongozo mingi hailigusi: imani yangu kwa vanishi imepungua mwaka hadi mwaka. Imechelewesha uharibifu kwa watu wengi, haijauzuia kwa yeyote ambaye sponji yake ilibana.

Halafu kuna joto. Rangi ya akriliki ni utando wa plastiki, na utando huo hulainika ukipata moto hata baada ya kukauka. Mwache askari ndani ya sponji inayobana, kwenye gari lililofungwa juani, na sponji itaacha alama ya vinyweleo vyake juu ya rangi, au itagandana nayo kabisa. Ni mbaya zaidi kama rangi ina siku mbili tatu tu tangu ipakwe. Kukauka kwa kugusa na kukomaa ni mambo mawili tofauti. Mimi sifungi kitu kilichopakwa chini ya wiki moja, na mteja akiwa na haraka, basi haraka hiyo abaki nayo yeye. Vijisanamu vya resini, ile plastiki inayomiminwa kwenye kalibu, navyo hupinda kwa joto hilo hilo: mikuki inakuwa kama mkia wa mbuzi. Hiyo inarekebishika kwa maji ya moto, unainyoosha kisha unaitumbukiza kwenye maji baridi, ila rangi itakayopasuka kwenye pindo ni juu yako.

Jambo la mwisho kuhusu sponji, kisha niiache. Poliurethani inazeeka. Unyevunyevu, hewa na mwanga vinaivunjavunja taratibu hadi inakuwa unga au inanata. Wahifadhi wa makumbusho wanalijua hili siku nyingi, ndiyo maana kwa hifadhi ya muda mrefu wao hutumia sponji ya polithini yenye vinyweleo vilivyofungwa. Kama mkusanyiko wako utakaa rafuni miaka kumi, ibonyeze sponji yako kwa kidole kila mwaka. Ikiacha vumbi au ikinata, itupe siku hiyo hiyo.

Basi sumaku. Hapa nina mapenzi, na kwa mapenzi hayo hayo nina hasira, kwa sababu watu wamehama kutoka kosa moja hadi kosa lake pacha: "Nunua sumaku kubwa kuliko zote."

Wazo lenyewe ni zuri mno. Unabandika sumaku ya neodimiamu, ile ndogo yenye nguvu nyingi, chini ya kitako, unatandika bati kwenye sakafu ya sanduku la plastiki, na askari anasimama wima akiwa haguswi na chochote isipokuwa hewa. Hakuna msuguano. Ndiyo njia ninayoitumia kwa karibu kila kitu cha plastiki ninachomiliki.

Sasa ile namba iliyoandikwa kwenye pakiti, kwamba sumaku inabeba kilo kadhaa. Namba hiyo imepimwa kwa kuivuta sumaku moja kwa moja juu kutoka kwenye kipande kinene cha chuma, uso kwa uso. Sandukuni mwako hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Bati lako ni jembamba, kwa hiyo halimezi nguvu yote ya sumaku. Kati yao kuna rangi, gundi, pengine na karatasi ya kupendezesha. Nguvu ya sumaku hushuka kwa kasi kubwa kadiri pengo linavyoongezeka. Milimita moja ya hewa chini ya sumaku ndogo inatosha kuipunguzia sehemu kubwa ya nguvu yake. Na ukilibeba sanduku kwa mpini likasimama ubavu, askari havutwi tena, anateleza. Nguvu ya kuzuia kuteleza ni sehemu ndogo ya ile ya kuzuia kung'olewa, mara nyingi robo au pungufu. Mtu anaona askari wake wametelezea kona moja kama abiria wa basi lililofunga breki, anasema sumaku ni dhaifu, anakwenda kununua kubwa zaidi. Kumbe sumaku yake ilitosha, ila imekaa juu mno ndani ya kitako.

Vitako vingi vya plastiki viko wazi kwa chini, na uwazi huo una kina kikubwa kuliko unene wa sumaku ya milimita 2. Ukiibandika sumaku kwenye dari ya kitako, umeshapoteza. Fanya hivi. Tandika karatasi ya nta juu ya bati, weka sumaku juu yake, ijikamate. Jaza pati ya epoksi (ule udongo wa gundi wa sehemu mbili unaogumu ukichanganywa) kidogo ndani ya kitako, kisha kishushe juu ya sumaku mpaka kingo ziguse karatasi. Pati ikigumu, sumaku itakuwa imelingana na ukingo wa kitako, haijazama wala haijachomoza. Ikwaruze kwa msasa kwanza, maana ina ganda la nikeli linaloteleza na gundi hailipendi. Supaglu peke yake inashika, lakini ni kavu na haivumilii kugongwa. Ndiyo sababu siku moja unamwinua askari na sumaku inabaki kwenye bati.

Kwa askari wa kawaida kwenye kitako cha milimita 32, sumaku moja ya kipenyo cha milimita 5 na unene wa 2, ikikaa sawa, inatosha. Kwa kitako kikubwa cha milimita 60 usiweke jitu moja katikati. Weka tatu ndogo karibu na ukingo. Kijisanamu kirefu haking'oki chote kwa pamoja, kinainuka upande mmoja kwanza, na sumaku iliyo pembeni inashinda mwinuko huo kwa urahisi kuliko ya katikati.

Na sumaku kubwa kupita kiasi ina gharama yake. Imeshika bati kama kupe, nawe unataka kumtoa askari, kwa hiyo unamkamata pale panapokamatika: mkono, bendera, kichwa. Vifundo vya miguu vinavunjika. Nimeunganisha vifundo vingi vilivyovunjwa hivyo. Mshike kwa kitako, umwinamishe upande mmoja, naye ataachia.

Chunguza na bati lenyewe. Baadhi ya vyuma visivyoshika kutu havivutwi na sumaku kabisa, kwa hiyo usinunue kabla ya kujaribu. Zile karatasi za mpira zenye unga wa chuma ni rahisi kukata kwa mkasi, lakini zinashika kwa nguvu ndogo kuliko bati. Kila mara chagua bati. Na kama nyumbani kuna watoto wadogo, sumaku zisizobandikwa zifungiwe kabisa: mtoto akimeza mbili, zinavutana zikiwa ndani na kuubana utumbo katikati. Hilo ni la hospitali mara moja.

Hadi hapa nimesema kama mtu mwenye uhakika. Kwenye vijisanamu vya chuma uhakika wangu unapungua. Joka la chuma lina uzito wa kweli. Sumaku ikimwachia, anakuwa nyundo ndani ya sanduku na anawapiga wenzake wote. Rangi nayo hushika chuma kwa udhaifu kuliko plastiki, hivyo sponji inambandua upesi zaidi. Nimewahi kumsafirisha mmoja kwa sumaku nne na akaanguka. Nimewahi kumsafirisha kwa sponji na akachubuka mabawa. Sasa natumia vyote viwili: sumaku chini, na vipande vya sponji laini vilivyofungwa kwa polithini pembeni, bila kubana. Mwaka kesho huenda nitakuwa nafanya vingine.

Wenye vijisanamu vya zamani vya madini ya risasi, hapa msikie. Viweke mbali na droo na kabati za mwaloni, mbao mpya zilizobanwa kwa gundi, au mbao za unga. Mbao hizo hutoa mvuke wa asidi, na ndani ya kabati lililofungwa mvuke huo huila risasi ikawa unga mweupe. Kabati linaloonekana la heshima kuliko yote ndilo linaloweza kukumalizia mkusanyiko. Sanduku la polipropilini au kabati la kioo na chuma lenye kupitisha hewa kidogo ni salama zaidi. Ukiuona unga huo usiupulize, na unawe mikono. Mifuko ya vinili laini nayo iepuke kwa vijisanamu vya aina zote: mafuta yanayoilainisha vinili huhamia kwenye plastiki na rangi, na vitu vinaanza kugandana.

Vingine navipitia haraka. Kabati la maonyesho lisitazamane na dirisha, rangi nyekundu na za njano ndizo zinazotangulia kupauka. Vumbi liondoe kwa brashi laini ya vipodozi. Trei ya kurushia dadu usiipuuze: dadu linalorushwa katikati ya majeshi linachubua rangi, na trei yenye kitambaa ndani inamaliza ugomvi huo. Mkeka wa mpira ni bora kuliko wa kitambaa kitupu, kwa sababu kijisanamu kikianguka ubavu kinaangukia mto.

Kuhusu wale 40: askari 31 nimeshawawekea sumaku. Tisa waliobaki wana vitako vya zamani vyenye mfereji juu, ambao kwa chini unatokea kama upau unaopita katikati, kwa hiyo sumaku haiwezi kukaa pale katikati. Hao nawawekea mbili mbili, moja kila upande wa upau, kisha nianze kuzipaka pua upya.