"Mletee kuku na chipsi tu": dhana potofu ninazozisikia mezani

Jumapili iliyopita nimeisikia tena. Baba mmoja ameketi na familia yake barazani, Ziwa Kivu likiwa mbele yao, na kabla binti yake hajafungua menyu ananiambia: "Huyu mletee kuku na chipsi. Vyakula vyenu hawezi." Binti ana miaka kama saba. Macho yake yako meza ya jirani, kwa tilapia mzima aliyetoka jikoni na kichwa chake. Akaninong'oneza: "Tonton, vile vijani juu ya samaki ni nini?"

Ni kapari, mwanangu, vichipukizi vya maua vilivyohifadhiwa kwenye siki au chumvi. Mtoto anayeuliza hivyo ameshaanza kula.

Nina miaka 14 nikisimamia wahudumu wa mgahawa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na hakuna dhana inayoniumiza kama hii, kwamba ulimi wa mtoto haujafikia chakula cha mgahawa mkubwa. Wanaoisema wanaona kinyume chake nyumbani kwao kila siku. Mtoto huyo huyo anakula sombe, majani ya muhogo, na uchungu wake. Anakula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga na kichwa, macho na miba, wala haulizi. Leo amevaa viatu vya Jumapili, basi hajui tena kula?

Tena sambaza wenyewe walikuwa wageni hapa. Waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wazee wetu walijifunza kuwala wakiwa watu wazima, na leo tunawaita chakula chetu.

Ulimi hufundishwa, na somo linaanza tumboni. Ladha ya anachokula mama hufika kwenye maji yanayomzunguka mtoto, na baadaye kwenye maziwa. Julie Mennella na wenzake, huko Marekani, walichapisha mwaka 2001 utafiti wa akina mama waliokunywa juisi ya karoti wakiwa wajawazito au wakinyonyesha. Watoto wao walipopewa uji wenye ladha ya karoti, hawakuukunjia uso kama wale ambao mama zao walikunywa maji.

Ni kweli kuna umri wa kuogopa chakula kigeni, hasa kati ya miaka 2 na 6. Lakini mtoto anaweza kuhitaji kuonja kitu mara 8 hadi 15 kabla hajakikubali, na wazazi wengi wanakata tamaa mara ya pili. "Hapendi" ya leo haifungi mlango. Kinachoufunga ni kumlazimisha. Ukimwambia "kula, nimelipa pesa nyingi", atakichukia chakula hicho.

Ninachoomba ni hiki: agizeni sahani moja msiyoizoea, iwekwe katikati, mle nyinyi wakubwa kwanza bila kumsemesha mtoto. Na sukre, yaani soda, na mkate visitangulie. Mtoto aliyemaliza chupa ya soda hana njaa ya kumpa ujasiri.

Yule baba alikubali. Nilileta tilapia, nikachukua kijiko kidogo nikatoa shavu lake, kipande kama kidole gumba, laini kuliko sehemu yoyote ya samaki. Binti alikigusa kwa kidole, akakinusa, akakila. Kisha akageuza kichwa cha samaki kutafuta shavu la pili.

Dhana nyingine nitazipitia haraka.

"Divai imeungua yote kwenye moto." Hapana! Krepu, ile chapati laini ya Kifaransa, ikimwagiwa pombe na kuwashwa moto mezani, takriban asilimia 75 ya pombe inabaki. Mchuzi uliochemka nusu saa unabaki na kama asilimia 35, na hata baada ya saa mbili na nusu bado kuna asilimia 5. Mkiwa na mtoto niambieni mapema, jikoni watapika bila divai.

"Mtoto jasiri aachwe ale kila kitu." Ujasiri hauui vijidudu. Nyama mbichi ya kusaga, samaki mbichi na yai lisiloiva sitamwekea mtoto mdogo, hata mzazi akisisitiza. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali, hata tone kwenye mchuzi, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za botulizimu, sumu inayolegeza misuli. Karanga nzima kwa wadogo pia hapana, zinakaba koo.

"Pilipili ikimchoma, apewe maji." Maji yanausambaza tu ule ukali. Apewe maziwa.

"Watoto wanasumbua wageni wengine." Wanasumbua wakiletwa saa tatu usiku, wamechoka, na chakula kinachukua dakika 40. Njooni saa kumi na mbili na nusu jioni. Jiko halijajaa, na mpishi ana nafasi ya kutoka na samaki mkononi, amwonyeshe mtoto kabla samaki hajapikwa.