Filamu Bubu ya Kutisha: Maana Yake kwa Mfano wa Nosferatu

Filamu bubu ya kutisha ni filamu iliyotengenezwa kabla ya sauti kuanza kurekodiwa pamoja na picha, na ambayo hutia hofu kwa kile tu ambacho jicho linakiona. Wahusika husogeza midomo bila kusikika, na maneno yao yaliyo ya lazima huandikwa kwenye kadi zinazoonyeshwa katikati ya matukio. Muziki haumo ndani ya mkanda. Hupigwa ukumbini na mpiga piano mmoja au okestra nzima, kulingana na uwezo wa mwenye ukumbi. Filamu za sauti zilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1920, sanaa hii ilitoweka kwenye kumbi za kawaida. Hata hivyo, mojawapo ya filamu zake, Nosferatu ya mwaka 1922, bado inaonyeshwa na kujadiliwa zaidi ya miaka 100 baadaye, nami naamini kwamba sababu kubwa ni ukimya wenyewe, ambao mwongozaji wake aliutumia kama chombo cha kutisha kuliko chombo kingine chochote alichokuwa nacho.

Mwongozaji huyo alikuwa Friedrich Wilhelm Murnau, Mjerumani aliyekuwa rubani wa ndege za kivita katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kampuni iliyoitengeneza filamu, Prana-Film, ilianzishwa na Albin Grau na Enrico Dieckmann, na Grau ndiye aliyebuni mandhari, mavazi na umbo la kiumbe anayeogofya. Mwandishi wa mswada, Henrik Galeen, alichukua kisa cha Dracula, riwaya ya Bram Stoker kuhusu mnyonya damu iliyotoka mwaka 1897, akabadilisha majina ya watu na mahali. Kijana Hutter, karani wa dalali wa nyumba katika mji wa kubuni wa Wisborg mwaka 1838, anatumwa Transylvania, eneo la milima ambalo leo liko Romania, kumuuzia nyumba kabaila aitwaye Orlok. Njiani anaonywa kwamba usiku huzurura mtu anayejigeuza mbwa mwitu, na mnyama anayeonyeshwa hapo ni fisi, ambaye msomaji wa Afrika Mashariki atamtambua mara moja. Orlok, aliyeigizwa na Max Schreck, ana upara, masikio yaliyochongoka, kucha ndefu na meno mawili ya mbele yanayofanana na ya panya. Anapoiona picha ya Ellen, mke wa Hutter, anasifu uzuri wa shingo yake, kisha anainunua nyumba inayotazamana na ya wanandoa hao. Husafiri kwa merikebu ndani ya jeneza lililojaa udongo, pamoja na panya, na anapofika Wisborg tauni inaingia naye.

Ni vyema kumtofautisha Orlok na mumiani wa masimulizi ya Afrika Mashariki. Mumiani ni binadamu aliye hai, anayesemekana kukamata watu ili damu yao itumike kutengenezea dawa, na mara nyingi huhusishwa na wenye mamlaka. Orlok ni maiti asiyekufa, anayekunywa damu kwa sababu ndiyo chakula chake. Mumiani hutisha kwa tamaa ya mali, ilhali Orlok hutisha kwa njaa isiyo na kiwango cha kushiba.

Nguvu ya ukimya inaonekana wazi zaidi katika tukio la usiku ambao Hutter anashambuliwa katika ngome ya Orlok. Orlok anamsogelea pole pole, na wakati uleule, mbali sana huko Wisborg, Ellen anaamka usingizini, ananyoosha mikono mbele na kuliita jina la mumewe. Picha inayofuata inarudi ngomeni: Orlok anasita, anageuza kichwa kana kwamba amemsikia, kisha anamwacha Hutter na kuondoka. Kati yao kuna milima na bahari. Katika filamu ya sauti, mlio wa Ellen ungesikika kwanza chumbani mwake, na mtazamaji angejiuliza mara moja ni vipi sauti hiyo imefika Transylvania. Hapa hakuna anayesikia chochote, kwa hiyo ukelele wa Ellen hauna umbali. Unafika pale ambapo picha mbili zimeunganishwa. Tena, mpangilio wa kutazamana unawafanya Ellen na Orlok waonekane wakielekeana wao kwa wao, na Hutter, ambaye ndiye aliyeitwa, anabaki pembeni. Murnau anatueleza bila neno hata moja kwamba tangu sasa kisa hiki ni cha wawili hao, na mtazamaji ndiye anayelazimika kuusikia ukelele huo ndani ya kichwa chake mwenyewe. Sauti anayojitungia mtu hulingana na hofu zake, na hakuna mtengenezaji wa filamu anayeweza kumtungia iliyo kali zaidi.

Nosferatu huwekwa katika kundi la ekspresionisimu ya Kijerumani, mtindo wa kupotosha maumbo na vivuli ili vioneshe hali ya nafsi badala ya ulimwengu ulivyo. Mfano maarufu wa mtindo huo ni filamu ya Robert Wiene ya mwaka 1920, The Cabinet of Dr. Caligari, ambayo kuta zake zilizopinda na hata vivuli vyake vilichorwa kwa rangi kwenye mandhari ya studio. Ni kazi kubwa, lakini mtazamaji anajua muda wote kwamba yuko katika ulimwengu wa kuchora. Murnau alifanya jambo tofauti kabisa: alitoka nje. Mitaa ya Wisborg ni mitaa halisi ya Wismar, nyumba chakavu anayoinunua Orlok ni maghala ya zamani ya chumvi ya Lübeck, na ngome ni ya Orava, katika nchi ambayo leo ni Slovakia. Mawingu yanakwenda, mawimbi yanapiga, farasi wanalisha kondeni. Kwa maoni yangu, hapo ndipo filamu hii inapoizidi ile ya Wiene, kwa kuwa Orlok anatembea mahali ambapo mtu yeyote angeweza kusimama.

Kile alichokibakiza Murnau kutoka mtindo huo ni kivuli. Orlok anapopanda ngazi kwenda chumbani kwa Ellen hatumwoni mwenyewe. Tunaona kivuli chake ukutani, kimejikunja mgongo, vidole vikirefuka kadiri kinavyoukaribia mlango. Kisha kivuli cha mkono kinapita juu ya gauni jeupe la Ellen, kinafumba ngumi kifuani pake, naye anajipinda kwa maumivu. Mwanga na mwili vimetosha. Mbinu nyingine hazikuzeeka vizuri kiasi hicho. Gari la farasi la Orlok, lililoendeshwa kwa kasi isiyo ya kawaida na kwa sehemu kuonyeshwa katika picha ya negativu, ambamo misitu inakuwa myeupe chini ya anga jeusi, ni jaribio la kishujaa, lakini mwendo wake wa kurukaruka humtoa mtazamaji wa leo katika hofu badala ya kumzamisha.

Filamu hii pia ilibeba huzuni ya wakati wake. Watazamaji wa Berlin walioiona kwa mara ya kwanza tarehe 4 Machi 1922 walikuwa wametoka kwenye vita vilivyoua mamilioni na mafua makubwa ya mwaka 1918. Wanapoonyeshwa mtu akichora alama za misalaba kwenye milango ya nyumba zenye ugonjwa, na msafara wa majeneza ukishuka katika barabara nyembamba bila hata mlio wa kengele, hawakuhitaji maelezo. Kisa cha Stoker hakikuwa cha tauni, na uamuzi wa Galeen na Murnau wa kuugeuza ujio wa kabaila mmoja kuwa msiba wa mji mzima ndio unaoifanya hadithi ieleweke upya kila maradhi yanapoenea. Jambo hilohilo lina upande mzito. Baadhi ya wahakiki wameona katika pua ya Orlok, panya wake na ugeni wake unaoleta maradhi mfanano na michoro ya chuki dhidi ya Wayahudi iliyokuwa ikisambazwa Ulaya wakati huo. Nia ya watengenezaji haiwezi kuthibitishwa kwa sura peke yake, lakini mtu anayeisoma filamu hii kwa makini hapaswi kulipita suala hilo.

Mchango wake mkubwa zaidi kwa hadithi zilizofuata ni jua. Katika riwaya ya Stoker, Dracula anaweza kutembea mchana, na anauawa kwa visu. Katika Nosferatu, Ellen anasoma kitabuni kwamba mwanamke mwenye moyo safi anaweza kumzuia mnyonya damu mpaka jogoo awike, basi anafungua dirisha na kujitoa mhanga. Mwanga wa asubuhi unapoingia chumbani, Orlok anafifia na kuwa moshi. Imani kwamba jua huwaua viumbe hawa, ambayo leo watu huidhania ya kale mno, ilienezwa na filamu hii.

Ilinusurika kwa shida. Prana-Film haikuwa imepata ruhusa ya kuitumia riwaya, na Florence Stoker, mjane wa mwandishi, alikwenda mahakamani. Kampuni ilikuwa imekwisha kufilisika, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala zote ziteketezwe. Nakala zilizokuwa zimevuka mipaka ndizo zilizobaki, zikiwa zimekatwakatwa na kubadilishwa kadi.

Historia hiyo inamhusu moja kwa moja mtu anayetaka kuitazama leo. Wakati huo ilikuwa vigumu mno kupiga picha gizani, hivyo matukio mengi ya usiku yalipigwa mchana, kisha mkanda ukatiwa rangi: buluu kwa usiku, manjano kwa mchana na mwanga wa taa, waridi kwa alfajiri. Nakala nyingi zinazopatikana bure kwenye intaneti zilitokana na mikanda iliyopoteza rangi hizo, na ndani yake Orlok, ambaye jua litamwangamiza, anaonekana akibeba jeneza lake mitaani mchana kweupe. Watu wengi wameidharau filamu kwa kosa ambalo si lake. Nakala iliyorudishiwa rangi na Taasisi ya Friedrich-Wilhelm-Murnau na kutolewa mwaka 2006, yenye urefu wa takriban dakika 94 na muziki uliojengwa upya kutokana na kazi ya Hans Erdmann, mtunzi wa muziki wa awali, ndiyo inayofaa kutafutwa, kwa sababu ndani yake usiku umerudi kuwa usiku.